Kikundi cha kuacha pombe nitakipata wapi, na nikifika nifanyeje?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 43, naishi nje kidogo ya Moshi. Nilianza na mbege nyumbani kama kila mtu, ikaja bia, siku hizi ni pombe kali kila jioni. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue kidogo ndipo chaki ikae vidoleni. Mwaka jana mchungaji aliniombea, nikakaa miezi mitatu, nikarudi. Mke wangu amesema safari hii ndiyo ya mwisho. Nasikia kuna mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), ya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Huku kwetu nitaipata wapi? Mimi ni mzee wa kanisa na mji umejaa wanafunzi niliowafundisha, nikionekana itakuwaje? Na humo ndani wanafanya nini hasa?"

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Umeuliza habari za mikutano na nitafika huko, ila kuna sentensi moja katika barua yako iliyonisimamisha. Ni ile ya mikono na chaki.

Mtu anayetetemeka asubuhi kisha akatulia baada ya kuzimua (ndugu zetu Wakenya husema kutoa loki), mwili wake umeshajipanga kuishi na pombe. Ukiiondoa ghafla, unacharuka. Jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika huanza saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi ya watu huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na wasiokuwepo, joto la mwili linapanda. Hali hiyo isipotibiwa huua. Na kwa kuwa inamkuta mtu aliyekwisha kuacha, familia hudhani karogwa, inampeleka kwenye maombi au kwa mganga siku mbili nzima, wakati alichohitaji ni kitanda cha wodi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hospitali, mkutano unafuata. Nenda Hospitali ya Mawenzi au ya KCMC hapo Moshi, uliza kliniki ya afya ya akili, na useme kiasi unachokunywa bila kukipunguza. Watu wengi hukata nusu wanapomwambia daktari, na daktari mzoefu hurudishia ile nusu kimoyomoyo, lakini kwenye dozi ya dawa ni heri asibahatishe. Mweleze pia zile siku za mwanzo za miezi mitatu ya mwaka jana zilikuwaje. Kama ulipata degedege, hilo peke yake linaweza kumfanya akulaze. Matibabu yenyewe si ya ajabu: mara nyingi ni diazepamu kwa siku chache, dozi ikishuka kila siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa na ambayo ubongo unaihitaji. Usijinunulie diazepamu dukani. Ikikutana na pombe mwilini inaweza kuzima pumzi. Na mpaka uonwe, usijifungie chumbani peke yako ukaikata ghafla ili kumwonyesha mama watoto kuwa wewe ni mwanamume.

Kuhusu aibu ya kutamka mbele ya daktari, hapo una bahati ya mahali. KCMC watafiti wamefanya kazi ya miaka kadhaa na majeruhi wanaofika idara ya dharura wakiwa wamekunywa; muuguzi huketi na mgonjwa kwa mazungumzo mafupi, na mpango wenyewe wakauita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Wanatumia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10 tu, yenye alama 40. Kuanzia 8 unywaji wako umeshaingia kwenye hatari. 20 na kuendelea, huenda ni utegemezi. Ukiulizwa maswali hayo usishtuke. Yamekwisha kutafsiriwa na kujaribiwa kwa Kiswahili hapo hapo mjini kwenu.

Sasa mikutano. AA haina bango barabarani, na hilo si uzembe. Herufi ile A ya pili, Anonymous, inahusu kutotajwa jina, hivyo kikundi kinaweza kuwa kinakutana kila Jumanne mita mia moja kutoka kwako, kwenye darasa la shule ya Jumapili au chumba cha nyuma cha zahanati, usijue miaka 10. Wanaotafuta kwa macho hukata tamaa mapema. Mlango wa kikundi ni mtu, na kazi yako ya wiki ya kwanza ni kumpata huyo mtu mmoja.

Anza pale pale kliniki. Usimuulize muuguzi "kuna AA hapa?", kwa sababu anaweza kusema hapana kwa kuwa hajui jina. Uliza hivi: "Kuna mgonjwa wenu aliyeacha pombe mwaka au zaidi, ambaye angekubali kuzungumza na mimi?" Hilo wanalijua. Watampigia yeye kwanza, akikubali mtaunganishwa. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anafaa sana kwa kazi hii kuliko watu wanavyodhani. Ndiye anayejua nani karudi kazini, nani karudi kilabuni.

Pili, nyumba za upataji nafuu, zile watu wanaziita soba. Huna haja ya kulazwa huko ili uulize. Nyingi huendesha programu yake kwa hatua 12 za AA, yaani mwongozo wao wa kuacha pombe, na waliomaliza huendelea kukutana. Piga simu kwa msimamizi, muulize wanakutana wapi wanapotoka. Usichanganye mambo mawili: nyumba hizi hutoza ada kwa kuwa mtu analala na kula pale, ila mkutano wa AA hautozi. Kofia au kikapu hupita, anayeweza anatia mia tano au elfu, asiyeweza anakipitisha kwa jirani na hakuna anayemwangalia mkono. AA ina kanuni ya kujitegemea kwa michango ya wanachama wenyewe, haipokei hata misaada ya nje. Ukidaiwa fomu ya kujiunga yenye malipo, hapo si AA.

Tatu, tafuta Arusha. Ni kilomita 80 hivi, na mji wenye wageni na mashirika mengi hivyo una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mkutano, ingawa mingine huendeshwa kwa Kiingereza. Wewe ni mwalimu wa sekondari, hilo halitakushinda. Umbali huo unakupa na lile unalolitaka, kutoonekana.

Usikipite kikundi cha NA (Narcotics Anonymous) pia, ndugu wa AA kilichoanza California mwaka 1953 kwa ajili ya waraibu wa dawa za kulevya. Kwenye pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Unguja, NA imeshika mizizi kwa sababu ya heroini. Wengine watakwambia si mahali pako. NA wenyewe huhesabu pombe kuwa ni dawa ya kulevya kama nyingine, na utaketi na vijana waliopitia makubwa. Nimewaona wazee wa pombe waliotulia huko vizuri tu. Na kama anayesoma hapa yuko Kenya, namba ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo, waulize wakuelekeze kwenye huduma za kaunti yako.

Baada ya yote hayo unaweza kukuta hakuna kitu karibu. Hapo ndipo ninapotaka ujue AA ilianzaje, maana ilianzia kwenye hali kama yako. Mei 1935 wakala mmoja wa hisa wa New York, Bill W., alikuwa Akron, Ohio. Biashara aliyoiendea ilikuwa imeharibika, hana pesa, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, upande mmoja baa inachangamka. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache. Akaenda kwenye orodha ya makanisa iliyokuwa pale ukumbini akaanza kupiga simu, akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Hakutafuta wa kumshauri, bali mwenzake. Mchungaji mmoja akampa majina, simu ikazaa simu, hatimaye akakutanishwa na daktari wa upasuaji aitwaye Bob, ambaye mikono yake ilitetemeka kama yako. Daktari alikubali kumpa dakika 15. Walikaa masaa. Wiki chache baadaye daktari alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa vibaya, akarudi. Bill hakumfukuza. Glasi ya mwisho ya daktari huyo ilikuwa tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa kuzaliwa kwake.

Watu wawili, Mwalimu. Hakukuwa na ukumbi wala ratiba. Ukimpata yule mtu mmoja wa kliniki na mkakubaliana kila Alhamisi saa 11 jioni, saa ambayo miguu yako imezoea kuelekea kilabuni, mnao mkutano. Saa hiyo ichaguliwe kwa makusudi. Kikundi kinachokutana asubuhi ya Jumamosi ni kizuri, lakini mnywaji wa jioni anahitaji kitu cha kukalia jioni.

Wakati mnasubiri wa tatu, tumieni simu. Tangu mwaka 2020 mikutano ya mtandaoni imekuwa mingi kiasi kwamba hakuna saa ya siku isiyo na mkutano mahali fulani duniani. Kuna chombo cha AA kiitwacho Online Intergroup kinachoorodhesha ya nchi mbalimbali. Angalia saa tu: mkutano wa saa sita mchana London kwako ni saa nane mchana majira yao ya joto, na saa tisa alasiri majira yao ya baridi. Unaingia kamera ikiwa imefungwa, jina umeandika herufi moja. Sipendi watu waishie hapo, kwa sababu mtu anaweza kusikiliza mkutano huku chupa iko chini ya meza na hakuna atakayeisikia harufu. Ila kwa usiku mbaya, saa nne mke kalala na dukani bado kuna taa, mkutano wa simu ni kitu cha maana sana.

Umeuliza humo ndani wanafanya nini. Kwa mtu aliyezoea vikao vya kanisa na vya walimu, utashangaa jinsi kusivyo na ajenda. Viti, mara nyingi chai. Mmoja anaongoza, na wiki nyingine anaongoza mwingine. Kuna usomaji mfupi wa AA ni nini, pengine sala ya utulivu, kisha watu wanazungumza mmoja mmoja: "Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Wengine hujibu kwa jina lake tu. Anaeleza alivyokuwa, kilichotokea, alivyo sasa, au analia, au analalamika juu ya bosi wake. Hakuna anayemjibu, hakuna anayemsahihisha. Hiyo ndiyo kanuni ngumu kuliko zote kwetu sisi watu wa kutoa nasaha. Zamu yako ikifika unaweza kusema "leo nasikiliza", wakaenda kwa mwingine. Baada ya saa moja au moja na nusu mnashikana mikono, mnaachana.

Kuna mikutano ya wazi, ambayo hata mkeo au mwanafunzi wa uuguzi anaweza kukaa, na ile ya wenye tatizo pekee. Wewe unaweza kuingia yote, kwa kuwa sharti la uanachama ni moja: kutaka kuacha kunywa. Huulizwi cheti, dhehebu wala umeacha lini. Ikitokea umekunywa siku hiyo, nenda hivyo hivyo, ila kaa kimya.

Usihukumu kwa mkutano mmoja. Wa kwanza utakuwa na hofu hata chai huionji. Wa pili utamkuta msemaji asiyemaliza. Nenda sita, ukiweza katika vikundi viwili tofauti, halafu ndiyo useme hakukufai. Kwenye hiyo sita tafuta mwanamume mwenzako aliyeacha muda mrefu, ambaye ungependa kuwa na utulivu wake, umwombe awe mdhamini wako. Mdhamini si mlezi wa kiroho wala mkopeshaji. Ni namba ya simu unayoipiga kabla ya glasi, na anakupitisha kwenye zile hatua 12.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 27 zenye watu 10,565. Kati ya waliounganishwa na AA kwa mpango maalumu wa matibabu, 42 kwa kila 100 walikuwa hawajagusa kabisa pombe baada ya mwaka. Kwa matibabu mengine yaliyolinganishwa walikuwa 35. Ni zaidi, si muujiza, na wengi kwenye makundi yote mawili waliteleza. Ninachokiona mimi katika tarakimu hizo ni lile neno kuunganishwa. Kuambiwa "kajaribu AA" hakufanani na kushikwa mkono na muuguzi akakukabidhi kwa mtu. Ndiyo maana nimekusumbua sana na kumtafuta huyo mmoja.

Sasa hofu ya kuonekana. Nikuambie kwa upole: mji unajua. Wanafunzi wa madawati ya mbele wanajua tangu kipindi cha kwanza, na wazee wenzako wa kanisa wanajua kwa jinsi unavyokaa ukingoni mwa benchi. Wasichokijua ni kwamba unataka kutoka. Atakayekukuta ndani ya chumba kile amefuata kilekile ulichofuata, naye ana jina la kulinda. Hata hivyo usiri wa AA ni wa heshima, si wa kisheria, na binadamu ni binadamu. Kwa hiyo mambo yanayoweza kukupeleka mbele ya mwajiri au polisi usiyamwage mbele ya watu 12 siku ya kwanza. Yaweke kwa daktari wako au mshauri nasaha, baadaye mdhamini ukishamwamini.

Kuhusu imani, barua yako haikuuliza lakini naijibu. Hatua za AA zinamtaja Mungu "kama tunavyomwelewa", na nimekaa na Waislamu, Walutheri na wasiosali kabisa wakazipokea kila mtu kwa namna yake. Hatari yako ni nyingine. Wewe ni mwalimu na ni mzee wa kanisa. Utaingia, wiki ya tatu utakuwa unafundisha. Utawafafanulia wenzako andiko, utarekebisha Kiswahili cha msomaji. Jizuie. Mchungaji alikuombea vizuri na miezi mitatu si kitu kidogo, ila aliomba yeye na wewe ukanyamaza. Safari hii ni zamu ya mdomo wako, tena kuhusu wewe.

Mama watoto naye asiachwe nje. Al-Anon, kwa ajili ya familia, ilianzishwa mwaka 1951 na Lois, mke wa yule yule Bill, na mwenzake Anne, na ina mikutano ya mtandaoni. Mwambie asinunue ile dawa ya kumtilia mtu kwenye chakula ili aichukie pombe. Nyingine ni majani tu, lakini kama ni disalfiramu, mtu akinywa pombe bila kujua ameimeza, presha inaweza kuanguka na moyo ukaenda vibaya. Dawa hiyo hutumiwa na daktari kwa mtu anayejua na aliyekubali.

Limebaki la mila, ambalo kwa Kilimanjaro ni kubwa kuliko AA yenyewe. Bia unaweza kuikataa ukasema unatumia dawa. Kata ya mbege huikatai hivyo, kwa kuwa unayepewa si wewe peke yako, ni ukoo. Ushauri wangu ni kwamba usianze kubishana pale penye kata. Mfuate mapema mzee mmoja wa ukoo anayeheshimika, ukiwa na mkeo, umweleze kuwa daktari amekukataza na kwamba ukionja hutaishia kuonja. Mwombe yeye ndiye aseme. Siku ya shughuli utapokea kata kwa heshima na kumpa aliye jirani yako, na maneno yakianza atayamaliza mzee. Togwa ya leo ni sawa kwa watu wengi, iliyolala siku mbili imeshaanza kuchacha, iache.

Na Desemba inakuja. Unajua inavyokuwa: magari ya Dar yamejaa barabara ya Marangu, kaka zako wamefika na kreti, kila nyumba ina ndafu. Usipange kuipita kwa nia njema. Panga kwa tarehe. Kuanzia tarehe 20 hadi mwaka mpya, kila siku iwe na mkutano mmoja, hata kama ni wa simu ukiwa umekaa migombani. Mwambie binamu mmoja tu ukweli, yule asiyecheka ovyo, awe na pikipiki ya kukutoa kwenye sherehe ukimpa ishara. Usilale nyumba yenye kreti. Namba ya mdhamini iandike na kwenye karatasi uitie mfukoni, kwa sababu huko juu umeme hukatika, simu ikazima chaji saa mbili usiku, na saa mbili usiku ndiyo wanaanza kumimina.